Gitaa la Shoto

Vanishi haikauki Dundee.
Niliipaka Jumapili, Jumatano bado inanasa vumbi.
Ukungu umepanda kutoka mtoni, umepenya dirisha la jikoni
na kuiachia weupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.
Nikaikwangua. Nikaanza upya.
Msasa namba mia nne, kisha mia nane, kisha elfu mbili,
maji na tone la sabuni ya vyombo,
kuzungusha, kuzungusha,
hadi vidole vikakunjamana kama vya dobi.

Ubao ulikuwa mlango wa kabati.
Waliutupa nje siku walipohamisha vyombo vya marehemu Bwana Geddes,
nikaupandisha ngazi begani, mvua ikinichuruzika shingoni.
Mimi nauita mkangazi.
Muuza mbao aliugonga kwa kidole, akasema hapana, huu ni mti mwingine,
lakini hakusema ni upi.

Kila kitu kimegeuzwa.
Pembe ndefu upande huu, tundu la waya upande ule,
uzi mnene mahali pa uzi mwembamba.
Mara mbili nimetoboa pasipotakiwa,
mkono wangu wa kulia ukijifanya unajua.
Matobo nimeyaziba kwa vumbi la mbao na gundi.
Yuko atakayeyaona, nami namjua.

Mwanasha alipokuwa na miaka mitatu
alishika kijiko kwa kushoto.
Nikakihamisha.
Akakirudisha.
Nikakihamisha.
Mama akasema kwenye simu, kutoka Kilifi:
Mfunge leso huo mkono, atazoea.
Nilimfunga.
Siku mbili tu, najiambia kila nikikumbuka, siku mbili tu,
kama mtu anayehesabu tena chenji iliyopungua.
Leso ilikuwa ya njano. Jina lake nimelisahau makusudi.

Sasa ana miaka kumi na minne,
anaandika insha kwa mkono uleule, wino ukimpaka ubavu wa kiganja,
na dukani gitaa la shoto lilikuwa moja tu, limetundikwa juu kabisa,
bei yake wiki tatu zangu za karakana ya mabasi.
Muuzaji akasema: apindue la kawaida, wengi hufanya hivyo.
Nikamwambia ahsante.
Nikaenda kununua msasa.

Mfupa wa supu ya Ijumaa nimeuchemsha, nimeukata, nimeupiga tupa:
mifereji sita, nyuzi zipate pa kulala.
Shingo imeingia kwa kubisha mara moja.
Lehemu ikayeyuka, moshi wake ukanifuata popote nilipoegemea.
Waya mweusi, waya mweupe, na ule mtupu usiovaa kitu.
Nikachomeka.

Likanguruma.
Si muziki. Friji kuukuu; nzi ndani ya kopo.
Niguse nyuzi, nisiguse, mngurumo ni uleule.
Saa tano usiku nikafungua skrubu zote tena,
nikakuta vanishi yangu, ile ya matabaka kumi na mawili,
imetiririka chini ya daraja na kuukalia waya wa ardhi.
Urembo ndio ulioziba.
Nikakwangua kwa ncha ya kisu, mahali padogo kama punje ya dengu,
chuma kikakutana na chuma.

Sasa ukiweka mkono juu ya nyuzi, linanyamaza.
Ukiuondoa linanung'unika kidogo.
Nililiwekea mkono na kuuondoa, sijui mara ngapi,
mpaka mke wangu akaita kutoka chumbani: Kwani hulali?

Asubuhi Mwanasha alilichukua bila kuuliza upande,
akalikalisha pajani, mkono ukaenda wenyewe.
Aliyaona matobo. Akayapitishia kidole, hakusema kitu.
Kisha akazungusha kitasa, akacheka.
"Baba, sauti inapanda ukishusha!"
Nilijua. Vitasa vilikuwa vya kulia; waya sikuzigeuza.
"Lete nikirekebishe."
"Kiache tu," akasema. "Nitazoea."

Nikaenda kuwasha pasi ya lehemu.