Boila Hufa Januari

Zbyszek, umenunua vyumba vitatu hapa Łódź
na tayari unahesabu kodi ya miezi kumi na miwili.
Hesabu kumi.
Mwezi mmoja chumba kitalala kitupu,
mwingine utamezwa na boila.

Boila hufa Januari. Sijaona iliyokufa Juni.

Kabla ya rangi, kagua mabomba.
Mimi shangazi yako nilipaka kuta rangi ya siagi, nikajisifu,
na usiku wa theluji maji yakashuka chini
kama mgeni asiyejua kupiga hodi.
Bwana Wieczorek alinionyesha piano yake,
akabonyeza kitufe kimoja. Kimya.
Niliilipia miaka miwili.

Amana si pesa yako. Itenge.
Piga picha ya mita, ya dirisha, hata ya mkwaruzo mlangoni,
mpangaji akiwa ubavuni pako, kisha mtie sahihi nyote wawili:
mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ufunguo wa akiba usikupe kiburi.
Kuta ni zako, kizingiti ni chake.

La mwisho bado linanisumbua.
Halina alichelewa kodi miezi mitatu, nikamtoa.
Sheria ilikuwa upande wangu,
mwanawe alikuwa na kikohozi.
Chumba kikakaa kitupu miezi mitano.
Ningemuuliza tu: unaweza kiasi gani, na lini?

Barua zake bado zinaletwa kwangu.
Naziweka kwenye droo, pamoja na bili.