Usiku wa Kuamkia Machi Mosi

Faili linaanza kwa amri:
«Limezalishwa na mashine. Usilihariri.»
Mistari elfu nne na mia mbili,
hakuna aliyeiandika, hakuna wa kumuuliza.
Dzintra anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya skafu.
Nje, theluji ya Riga inageuka tope.

Malalamiko yamekuja kwa posta,
mwandiko wa kuinama, wino wa buluu:
«Mimi Visvaldis Sproģis, dereva mstaafu wa tramu,
miaka thelathini na mmoja sikuondoka kituoni kabla ya saa,
nilizaliwa tarehe mosi Machi, mwaka arobaini.
Ofisi yenu ya pensheni inasema ishirini na tisa Februari.
Mama yangu alikuwepo.
Nyinyi hamkuwepo.»

Anaifuata tarehe kama mtu atafutaye paa linapovuja.
Kwenye fomu: Machi mosi.
Kwenye hifadhidata: Machi mosi.
Inaingia katika ule msimbo usiohaririwa,
inatokea Dublin, kwenye seva,
imepungua siku.

Mstari wa elfu mbili na tisa. Hapo.
Mashine ilipewa siku tupu, siku isiyo na saa,
ikaona haya kuiacha hivyo,
ikaivisha: saa sita kamili ya usiku.
Saa ikadai ukanda wake.
Ukanda ukaivuta nyuma saa mbili,
na saa mbili kabla ya saa sita ya usiku
ni saa nne, ni jana,
na jana ya Machi, katika mwaka ule mrefu,
ni siku inayokuja mara moja kwa miaka minne.
Kikulacho ki nguoni mwako.

Sisi wa lugha hii tungesema
ule ni usiku wa kuamkia Machi mosi;
giza tunalihesabia asubuhi yake.
Mashine haijui kuamkia.
Inajua kabla, inajua baada.

«Ongeza saa kumi na mbili,» anasema Gustavs, meza ya pili,
anatafuna mkate wa shayiri. «Iwe adhuhuri. Nani atajua?»
«Tuna wastaafu wawili Auckland,» anajibu Dzintra,
«huko hata adhuhuri haitoshi.
Na Jumatatu mashine ikizalisha upya,
kiraka chako kitafagiliwa.»

Analifunga faili. Anapanda kwenye mkataba,
pale aina ya kila kitu inapotajwa kwa jina,
na kwenye «tarehe na saa»
anafuta «na saa».

Mistari elfu nne inazaliwa tena, bila uchungu, bila mkunga.
Anaingiza Machi mosi, arobaini. Inatoka Machi mosi.
Anajifanya yuko Auckland. Machi mosi.
Anajifanya yuko Honolulu, kwa ukaidi tu.

Kisha anaomba kalamu kwa Gustavs.
«Bwana Sproģis, mama yako alisema kweli.»
Juu, pembeni kulia, anaandika tarehe.
Saa haiandiki.