Vichupa Kumi na Viwili

Jumapili, baada ya misa ya saa tano,
ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Greeley.
Nimetandika meza: sindano, pamba,
vichupa kumi na viwili vya vifuniko vya zambarau,
na fomu, kurasa tisa za Kihispania.
Nje theluji inasukumwa na upepo.
Watu wananipita kwenda kwenye tamale,
wananiamkia kwa adabu,
kama mtu anavyomwamkia mdai wake.

Siwalaumu.
Kule kiwandani wanakochuna ng'ombe
kila karatasi waliyotia sahihi iliwapunguzia kitu:
saa, likizo, kidole.
"Karatasi za hapa zina meno," aliwahi kuniambia mmoja.

Anakuja Refugio Zamarripa, koti hajalivua.
Nilimwambia siku moja kwamba kwetu angeitwa Kimbilio;
akacheka: ndiyo maana nyumba yangu haiishi wageni.
Leo hacheki. Anasoma.
Ukurasa wa nne anaukandamiza kidole.

Damu yangu italala wapi?
Denver, kwenye jokofu, kwa namba, bila jina.
Na nikibadili mawazo?
Unapiga simu, inamwagwa.
Na watu wa uhamiaji?
Nimeuliza mara mbili, nikataka maandishi. Haya hapa, soma.

Simwambii habari za ushujaa.
Namkumbusha alichonisimulia mwenyewe:
vidonge vya kisukari vya mumewe, Eleuterio,
vinavyomwangusha bafuni alfajiri.
Kidonge kile, mama, kilikatwa kwa miili ya wengine,
kwa ini lao, kwa chakula chao.
Hakuna aliyefika jikoni kwako na futi ya fundi cherehani.
Na kwetu tunasema,
nguo ya kuazima haisitiri matako.

Namtafsiria.
Anaziba mdomo, maana tuko kanisani,
kisha anawaita wenzake waje wasikie.
Wanakuja na sahani zao. Wanacheka.
Halafu, kicheko hakijakauka:
"Na wewe? Umeshatoa yako?"

Uongo unanijia mpaka kwenye meno.
Miaka mitatu nabeba vichupa hivi,
mimi niliyekulia Korogwe nikitishwa na mumiani,
lile gari jekundu la wanyonya damu,
ukichelewa kurudi dukani litakuchukua.
Naona sasa nilikuja nalo mpaka huku,
nimelificha chini ya koti jeupe.

Naivuta fomu. Nasoma zote tisa,
nami kwa mara ya kwanza nazisoma kama mtu anayeogopa.
Nasaini. Napandisha mkono wa sweta.
Yaretzi, binti anayesomea uuguzi,
anautafuta mshipa, anaukosa, anaomba radhi.
Refugio kanishikia pamba.
"Polepole," anamwambia,
neno pekee la Kiswahili nililowahi kumfundisha.

Ndipo anapovua koti.
Lakini kwanza anaomba kalamu,
na pembeni mwa ukurasa wa tisa anaandika sharti lake:
majibu yakitoka yaletwe hapa,
kwenye meza hii, kwa lugha yetu,
na atakayeyaleta ale nasi.

Saba vimejaa, kimoja changu.
Wanne wamekataa, wakanifungia tamale za njiani.
Vitano narudi navyo vitupu,
vikigongana garini njia nzima
kama watu wanaoulizana jambo.