Kuzoa Hewa

Saa tisa usiku, Kjeller, theluji imefika usawa wa dirisha.
Maajja Jåma anairudisha dunia nyuma
saa moja moja.

Spitsbergen wamempigia simu:
chombo kimenasa xenoni,
kiasi ambacho hata nukta ya kalamu
ni mlima kando yake.
Swali ni lile lile: imetoka kwa nani?

Gesi hii haina rafiki.
Haishiki jani, hainyeshi na mvua,
hainuki, haiachi vumbi juu ya meza.
Kila siku tano nusu yake hufa
bila msiba.
Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya hii
ni tarakimu moja iliyopanda kidogo.

Maji yakimwagika hayazoleki.
Basi yeye kazi yake ni kuzoa hewa:
huikata anga visanduku visanduku,
huachia chembe elfu hamsini za kubuni
pale ilipokamatwa,
kisha huuamuru upepo: rudi ulikotoka.

Nao hurudi. Hushuka bahari ya Barents,
husitasita, hugawanyika juu ya misitu,
tawi moja Ghuba ya Botnia, jingine mashariki,
mpaka ramani inaonekana kama chai
iliyomwagikia kitambaa.
Labda ni kiwanda cha dawa za hospitali.
Labda ni shimo ambalo mtu hataki litajwe.

Alikuwa na miaka sita mvua ile iliponyesha Røyrvik.
Iliyokuja siku zile ilishika kila kitu:
ukoga mweupe wa mawe, ulimi wa kulungu, maziwa.
Nyama ya kundi zima ilipakwa buluu, isiliwe.
Mama yake aliosha kisu mara tatu
ingawa hakikuwa kimekata chochote.
“Upepo umepita kwa watu wangapi,” aliuliza,
“na hakuna aliyetangulia kutuambia?”

Kahawa imepoa. Maajja anaendesha hesabu tena,
anabadili kimo cha tabaka la chini,
doa linasogea kilomita mia mbili
kama mtu anayekwepa jina lake.

Alfajiri ripoti inatakiwa.
Anaandika: huenda.
Analifuta. Anaandika tena, huenda,
neno la mwenye shaka,
na pia, ukilitazama vizuri,
ndilo jambo pekee alilo na hakika nalo kuhusu upepo:
huenda.