Chumvi Kiasi

Miaka ishirini na sita nimepima korosho
katika ghala la ushirika, hapa Masasi.
Gunia juu, jiwe chini, mizani ikitulia natamka:
themanini na moja, toa moja ya gunia.
Mkulima akinuna, namwambia asogee asome mwenyewe.

Leo Jumamosi nimesimama uani kwa Bi Somoe Nandonde,
mwanamume pekee kati ya wanawake tisa,
nimefungwa kanga ya kuazima
yenye maneno nisiyoweza kuyasoma, yako nyuma.
Wenzangu wameyasoma.
Wanacheka tangu saa tatu.

"Chumvi kiasi," anasema mwalimu.
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule:
Kiasi ni gramu ngapi?
Miiko ikasimama sufuriani.
"Kiasi ni kiasi, Mzee Chilumba.
Tia, onja, ujute. Ukishajuta mara tatu
hutaniuliza tena."

Sikujileta. Nimeletwa.
Sijaona, mke wangu, aliteleza bombani na ndoo,
sasa mkono wake wa kulia umo ndani ya plasta,
mweupe, mkavu, kama kopa la muhogo juu ya paa.
Siku mbili alinielekeza akiwa mlangoni:
siyo hicho, kile; siyo sasa, bado; Mungu wangu, geuza!
Siku ya tatu akafungua fundo la leso
kwa mkono wa kushoto na meno,
akahesabu elfu kumi na tano juu ya mkeka.
"Nenda ukafundishwe na mtu asiyekupenda," akasema.
"Mimi nitakuua kabla mfupa haujaunga."

Basi nimekalia mbuzi, magoti karibu na masikio,
nazi inaruka, kidole kinafuata.
Bi Esha Likapa, aliyepika miaka arobaini
na amekuja kwa sababu ya neno moja la mkwewe
(halisemi hilo neno, analitwanga tu kinuni pamoja na kisamvu),
ananipokonya kifuu bila kuniangalia.
"Kuna na nyama, acha gamba."
Nikakamua tui la kwanza, nikalitanguliza motoni,
moto mkali, nikageuka kufuta jasho.
Likakatika.
Tui likikatika halishonwi.
Tulilila hivyo hivyo, mabonge na maji,
na hakuna aliyesema kitu, jambo lililoniuma zaidi.

Wiki ya tatu tukasaga korosho.
Bi Somoe akanitilia ngumi moja kiganjani,
zimebanguliwa, tupu, zimejikunja kama watoto waliolala.
Nikasimama nazo.
Tani ngapi zimepita mbele yangu?
Nazijua kwa gredi, kwa unyevu, kwa ujanja
wa kokoto zinazofichwa katikati ya gunia.
Sikujua kwamba zikikutana na kisamvu cha moto
hutoa harufu ile,
ambayo kumbe ndiyo harufu ya nyumba yangu
kila nilipovua viatu jioni
na kuuliza chakula kiko wapi.

Nilibeba hotipoti mpaka nyumbani, nikiibembeleza.
Sijaona akaonja kwa mkono wa kushoto.
Akatafuna. Akaangalia dari.
"Mchanga upo," akasema,
akala mpaka akakwangua.

Wiki ya tano, Mkomaindo, plasta ikakatwa kwa msumeno.
Mkono ukatoka mwembamba, wenye aibu.
Tulipofika tu nyumbani akaenda jikoni,
akashika mwiko. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili.
Hatukuvutana. Tulisimama tu hivyo,
sufuria ikianza kuchemka.

"Jumamosi kuna somo la ming'oko," nikasema.
"Nimeshalipia."

Ming'oko! Mtoto wa Nanyumbu
aende kufundishwa kuchemsha ming'oko!
Alicheka mpaka akashika ukuta kwa mkono ule ule mbovu.
Kisha akavuta kigoda, akaketi, akanyoosha miguu.

"Haya, pika.
Ila chumvi nitatia mwenyewe."