Karatasi ya Pili

Bomba la Namakwekwe limekauka tangu juzi.
Nachovya brashi katika kikombe cha maji ya mvua,
naupaka mlima Wanale kwa rangi nyepesi mno.
Karatasi imelowa kupita kiasi; maporomoko yanatambaa
hadi juu ya paa la kinu cha mahindi.
Nayaacha. Maji hayaagizwi.

Mchana ni zamu ya kioo.
Kilikuwa dirisha la duka la cherehani,
kina ufa pembeni, na kila chapa huzaliwa na ufa huo.
Natandaza wino kwa chupa ya soda,
nafuta kwa kitambaa pale ninapotaka mwanga,
nalaza karatasi, nasugua kwa mgongo wa kijiko
kilekile cha uji.

Nabifo wa jirani amesimama mlangoni:
"Unatoa ngapi?"
Moja.
"Kazi yote hiyo?"

Nabandua. Mama amegeuka:
kovu la shavu la kulia limehamia kushoto.
Basi hivi ndivyo alivyojiona
kila alipofunga kitambaa mbele ya kioo,
na mimi sikuwahi kumwona hivi.

Wino uliobaki ni kidogo.
Naweka karatasi ya pili hata hivyo.
Anatoka hafifu,
kama mtu aliye chumba cha ndani
akipapasa kutafuta kiberiti.