Nati Kumi na Sita

Saa kumi na moja, jogoo wa Kaptembwo hana hakika bado,
naisukuma pikapu hadi mteremko wa kanisa
ishike moto bila betri.
Betri nitanunua. Nimesema hivyo tangu Pasaka.

Jumatatu ni maziwa ya Bahati,
mikebe inagongana nyuma, inasengenya.
Jumanne viazi vya Molo. Jumatano, Mungu akipenda,
viti mia mbili na hema la matanga;
hapo navaa shati safi, nasimama nyuma ya watu,
namlilia marehemu nisiyemjua jina
mpaka sahani ya wali inifikie.
Jioni, hesabu: elfu mbili mkononi mwa Mama Jerop,
maana gari ni lake, pancha ni zangu.

Lakini mwisho wa mwezi ndio msimu wangu.
Mwisho wa mwezi nahamisha watu.
Nimejifunza kuisoma nyumba kwa kinachotoka kwanza:
anayepakata televisheni anaikimbia kodi,
anayekumbatia mtungi wa gesi ameachwa,
na mwanamke anayefagia chumba kitupu kabla ya kufunga mlango,
huyo usimsemeshe hadi Lanet.
Mimi huendesha tu. Huuliza moja: "Kamba imekaza?"

Basi ikaja barua ya Nasipwondi.
Miaka minane aliuza mandazi mchana, akasomea ualimu usiku,
vitabu juu ya gunia la unga,
kila ukurasa na alama ya kidole cha mafuta.
Tuliomba Njoro, tukaomba Subukia, hata Gilgil.
Wakampa shule huko chini ya Mlima Elgon,
mahali ambapo simu hushika ukipanda juu ya jiwe.
Akapiga kigelegele mlangoni, majirani wakatoka.
Nikapiga makofi. Kisha nikaenda nje kupima tairi
ambazo hazikuwa na tatizo.

Tuligawana bila kugombana, na hilo ndilo lililoniuma.
Sufuria kubwa, wewe. Jiko, niachie.
Khisa aende na mama, bado hukojoa akiota.
Nelima abaki, yuko kidato cha pili.
"Na kitanda?"
Chukua, nikasema, mgongo wa dereva hupenda sakafu.
Uongo mtupu.

Nilikifungua mwenyewe kwa spana ya kumi na tatu,
nati kumi na sita, nikazihesabu zikiingia kopo la siagi.
Kazi niliyowafanyia watu mia,
siku hiyo mikono ikawa ya mwanafunzi.

Timboroa baridi. Eldoret foleni.
Khisa amelala, kichwa kwenye gia;
kila nikitaka namba tatu nakiinua kwanza.
Webuye, Mama Jerop akapiga: safari ni safari, hesabu ni hesabu.
Nasipwondi akanitazama nikikata simu,
akauliza, kwa sauti yangu kabisa,
"Kamba imekaza?"
Tukacheka hadi Bungoma, halafu hatukucheka tena.

Kule nilikiunga kitanda kwa mwanga wa simu.
Nati kumi na tano.
Tukapekua gunia, viatu, mifuko ya Khisa.
Kumi na tano.
"Kitashika," akasema,
akakikalia, nacho kikalia.

Alhamisi, nikipakua matofali Free Area, nikaiona
chini ya kiti, kwenye vumbi la unga na risiti.
Sasa inakaa juu ya dashibodi. Kila tuta inaruka,
inanigonga kioo kama mtu anayetaka kushuka.
Nelima anasema niitume kwa basi, ni shilingi mia tu.
Nitaipeleka mwenyewe, namwambia, mwisho wa mwezi.
Ananitazama. Anajua msimu wangu.

Simu inalia. Sauti ya mwanamume, ya chini:
"Ni wewe wa pikapu? Nina vitu vichache.
Kitanda, hasa."
Namtajia bei. Hapunguzi hata shilingi.
Namwambia pia atafute kopo,
lenye kifuniko.